Mwalo, Kibanja na Kahawa: Lugha kama Ushahidi wa Historia ya Mji wa Bukoba

Historia ya mji wa Bukoba aghalabu huanzia mwaka 1890, Emin Pasha alipoweka kituo cha Kijerumani kwenye ufukwe wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Makala haya yanadai kwamba mwanzo huo unazificha jamii zilizoujenga mji, na kwamba majina ya mahali na msamiati wa kazi yafaa yasomwe sambamba na hati za utawala.

Jina la Bukoba lenyewe hunasibishwa na ukoo wa Bakoba, ambao ungali unakumbukwa katika kata ya Bakoba. Kashai, Hamugembe na Rwamishenye ni majina ya Kihaya. Miembeni, kwa upande wake, ni jina la Kiswahili, na mtaa wa jina hilo upo pia mjini Zanzibar. Majina hayo yanadhihirisha mji uliokaliwa na wenyeji pamoja na wageni, wala si kambi iliyoota mahali patupu.

Kahawa nayo ilitangulia ukoloni. Wahaya walichemsha buni, wakazikausha na kuzitafuna. Mgeni alikaribishwa kwazo, na upandaji wake ulidhibitiwa na watawala, yaani abakama. Ukoloni uliigeuza alama hiyo ya heshima kuwa bidhaa. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na ile ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, meli za ziwani ziliunganisha vilima vya Kamachumu, katika Muleba ya leo, na masoko ya ng'ambo. Hata hivyo, wakulima hawakuwa wapokeaji wa amri tu. Mwaka 1937 walizipinga waziwazi kanuni za serikali kuhusu kilimo cha kahawa, na mwaka 1950 wakawa na chama kikuu chao cha ushirika. Viwanda vya kukoboa kahawa, na baadaye kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA, vilivuta vibarua mjini.

Mahusiano hayo yameacha alama katika lugha. Kiswahili cha ukanda huo hutofautisha shamba na kibanja, yaani bustani ya migomba na mibuni inayoizunguka nyumba. Na mahali pa kutia nanga mitumbwi huitwa mwalo, neno linalolingana na omwalo la Kihaya. Mialo sasa hutajwa hata katika maandishi rasmi ya uvuvi. Kwa hiyo Kiswahili hakikuletwa tu kutoka pwani. Kilipokea pia kutoka ziwani.

MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikielekea Mwanza kupitia Kemondo, mamia ya abiria walikufa, na msiba ukaingia mjini na vijijini kwa pamoja. Mji na vilima vilikuwa jamii moja. Historia inayoanzia kwenye kituo cha Wajerumani haiwezi kuueleza msiba huo. Inayoanzia kwenye kibanja na mwalo inaweza.