Muziki wa Kompyuta Unaotungwa Mbele ya Watu

Tunapoona kompyuta jukwaani, wengi wetu tunajua kazi yake: inapiga nyimbo zilizokwisha kurekodiwa. Lakini kuna aina ya onyesho ambalo msanii hupanda na ukurasa mtupu. Anaandika amri za programu, na anachoandika kinageuka muziki wakati huo huo, mubashara. Katika makala hii tunaeleza jinsi jambo hili linavyofanyika, lilikoanzia, na kwa nini wasanii wake wanakubali kujiweka hatarini hivyo.

Maandishi yanavyogeuka ngoma

Kwa kawaida programu huandikwa kwanza, ikakamilika, kisha ikatumika. Hapa hayo mawili yanakwenda pamoja: programu inapiga huku mwandishi wake akiibadilisha. Tuchukue mfano wa Sonic Pi. Mistari minne inatosha kuanza:

live_loop :ngoma do
  sample :bd_haus
  sleep 0.5
end

Mstari wa kwanza unaanzisha mzunguko na kuupa jina. Sisi tumeuita ngoma. Wewe unaweza kuchagua jina jingine. Wa pili unapiga sauti ya ngoma nzito. Wa tatu unasubiri nusu sekunde. Wa nne unafunga mzunguko, nao unaanza upya.

Sasa badilisha 0.5 iwe 0.25, kisha ubonyeze kitufe cha Run. Ngoma haikatiki. Mzunguko unaofuata unaingia na mapigo yaliyoongezeka maradufu. Ukiongeza mzunguko wa pili wenye amri za play 60 na sleep 1, noti ya C ya katikati ya kinanda itasikika juu ya ngoma kila sekunde. Onyesho zima hujengwa hivyo: sauti moja inaongezwa, nyingine inapunguzwa, na wachezaji wanaendelea kucheza.

Ilikoanzia

Mwaka 1996 James McCartney alitoa SuperCollider, programu ya kutengeneza sauti kwa amri za maandishi. Hadi leo ndiyo mtambo wa sauti ulio ndani ya Sonic Pi.

Mwaka 2004, wasanii na wataalamu waliokutana Hamburg, Ujerumani, waliunda umoja unaoitwa TOPLAP ili kuendeleza sanaa hii. Miongoni mwao alikuwa Alex McLean wa Uingereza, ambaye baadaye alitengeneza TidalCycles, lugha ya kupanga midundo inayojirudia. Mwaka 2012 ulileta mambo mawili. London ilifanyika dansi ya kwanza iliyoitwa Algorave, ambapo watu hucheza muziki wa aina hii usiku. Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Sam Aaron alianza kutengeneza Sonic Pi ili wanafunzi wajifunze programu kupitia muziki, kwenye kompyuta ndogo ya bei nafuu iitwayo Raspberry Pi.

Kwa nini skrini haifichwi

TOPLAP ilitoa sharti moja lililo maarufu kuliko mengine: msanii aonyeshe skrini yake. Ndiyo maana katika maonyesho haya maandishi humulikwa ukutani kwa projekta.

Sababu yake inaeleweka. Mpiga gitaa tunaviona vidole vyake. Mtu aliyeinamia kompyuta anaweza kuwa anapiga muziki, au anasoma barua zake, nasi tusijue. Skrini ikiwa wazi, ukumbi unaona kila uamuzi: namba iliyobadilishwa, mstari uliofutwa, na kosa lililosahihishwa. Hulazimiki kuelewa amri zenyewe, kama vile usivyolazimika kujua kupiga gitaa ili ulifurahie.

Kimya kisichotarajiwa

Sisi wa redio tunakijua kimya cha hewani. Sekunde chache tu zinamfanya msikilizaji ahame kituo. Msanii huyu naye yuko karibu nacho muda wote. Akisahau neno end, Sonic Pi itamwonyesha ujumbe wa kosa, na muziki wa awali utaendelea. Hapo amepona. Lakini akifuta sleep kwa bahati mbaya, mzunguko huo utasimama, na ukumbi mzima utasikia ngoma ikipotea. Hakuna rekodi ya akiba ya kumwokoa. Itambidi aandike tena, watu wakimtazama.

Ukitaka kujaribu

Sonic Pi hupatikana bure kwa kompyuta za Windows, Mac na Raspberry Pi. Ipo pia Strudel, iliyoanza mwaka 2022, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti bila kusakinisha chochote. Amri zake ni tofauti na zile tulizoonyesha hapa. Kwa Sonic Pi, anza na mistari minne ya hapo juu. Badilisha namba moja tu kwa wakati mmoja, bonyeza Run, na usikilize tofauti kabla ya kugusa nyingine.