Makambi ya Maktau na Mbuyuni: Daftari na Jina

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni na Salaita. Kandokando ya njia hiyo, ndani ya vichaka vya miiba, yamo mahandaki yaliyojaa udongo na kuta za mawe zilizobomoka. Hayo ni mabaki ya makambi ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na Maktau ikawa kambi kubwa. Julai mwaka huo waliishambulia Mbuyuni wakashindwa. Januari 1916 wakaitwaa. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika ya Kusini walirudishwa nyuma katika kilima cha Salaita. Baada ya mapigano ya Latema na Reata, mwezi wa Machi, vita vilihamia kusini, na makambi yakaachiwa nyasi na tembo.

Siku hizi mahali pa namna hii hupendwa na wachezaji wa mchezo uitwao jiokeshingi, uliozaliwa jimbo la Oregon, Marekani, mwezi wa Mei 2000, mara serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuvuruga mawimbi ya setilaiti yatumiwayo na raia. Mtu huficha kisanduku chenye daftari, akatangaza namba za latitudo na longitudo. Mwenzake hukitafuta, na akikipata huandika jina lake daftarini. Akichukua kitu kilichomo, sharti aache kingine chenye thamani iliyo sawa au zaidi.

Mchezo huo una faida yake, kwani humfikisha mtu mahali ambapo vitabu vya shule havimfikishi. Lakini katika kambi ya zamani kanuni ya kuchukua na kuacha haifai kuvuka mipaka ya kisanduku. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vya kale vile vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1895. Kopo la nyama la mwaka 1915, kifungo cha koti na ganda la risasi havimo katika hesabu hiyo. Mwenye kuviokota haachi kitu chochote chenye thamani iliyo sawa, kwa kuwa kitu hicho kikishatengwa na handaki lake hakisemi tena neno.

Liko pia suala la daftari lenyewe. Mchezaji apataye kisanduku huandikwa jina lake kwa juhudi ya nusu saa. Je, nani aliyeandikwa kwa juhudi ya kambi nzima? Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 alipokataa kuwaacha majeruhi wenzake. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross, na kaburi lake liko Voi, lina jina. Ushujaa wake haubishaniwi. Lakini chakula na risasi za majeshi hayo vilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika ambao wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Hesabu za serikali zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Uingereza, wengi kwa maradhi. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapokuwa na la kusema. Kikosi cha wachukuzi kiliitwa Carrier Corps. Kiswahili kililipokea jina hilo kwa sikio wala si kwa jicho: konsonanti zisizotamkwa zikaachwa, na maneno mawili yakawa moja, Kariakoo. Leo ni mtaa na soko la Dar es Salaam. Nairobi huitwa Kariokor. Yafaa kuuliza kwa nini neno la zamani, mpagazi, halikutosha. Yaelekea sababu ni kwamba mpagazi wa misafara iliyopita Taveta katika karne ya kumi na tisa alikuwa, mara nyingi, mtu wa mapatano na ujira, ilhali mchukuzi wa vita alikamatwa kwa nguvu ya sheria. Jambo jipya lilidai jina jipya.

Mbuyuni nayo ni jina linalojieleza: mahali penye mbuyu. Namba za setilaiti huweza kuonyesha mahali hapo kwa usahihi wa hatua chache, lakini hazisemi nani alitua mzigo chini ya kivuli chake. Kazi hiyo ni ya lugha, na ya wazee wa Taita na Taveta waliosimuliwa na wazazi wao. Basi anayekwenda Maktau kutafuta kisanduku na aende. Aache kopo lilipo, na kabla ya kuandika jina lake daftarini aulize kijijini majina ya wale ambao hawakuandikwa. Akipata hata moja, amepata kilichofichwa zaidi ya kisanduku.