Mwaka wa Majivu: Samli Ilipopanda Bei Madina



Petroli ilipopanda mwaka 2022 na mafuta ya kupikia nayo yakapanda, nyumbani kwetu chapati zikawa za Ijumaa tu. Watoto wakanung'unika, nikawasimulia Aamur-Ramaadah, Mwaka wa Majivu, mwaka wa 18 Hijria (639).

Mvua zilikatika Hijazi, ardhi ikawa rangi ya majivu, mabedui wakamiminika Madina. Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) akaapa kutoonja samli, maziwa wala nyama mpaka watu wapate nafuu. Siku moja mtumishi wake akamnunulia sokoni samli na maziwa kwa dirham 40. Umar akaona ni ghali mno, akaamuru vitolewe sadaka. Atajuaje shida ya raia ikiwa yeye haimgusi? Akabaki na mafuta ya zaituni, tumbo likinguruma, hata rangi ya uso wake ikawa nyeusi. (Nasi tunalilia chapati!)

Abu Ubaida (r.a.) akaleta kutoka Shamu ngamia 4,000 wa chakula. Kisha Umar akatoka na Abbas (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), kuomba mvua. Iliponyesha, mabedui wakapewa masurufu, wakarudi kwao.