Mitihani ya taifa na elimu maalumu (Runingu, Uvira)

Runingu ni eneo la Wafuliiru katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya mji wa Uvira, Kivu Kusini. Kama kwingine Congo, mtoto wa huko anapomaliza darasa la sita hufanya mtihani wa taifa wa Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Akiendelea hadi mwisho wa sekondari hukutana na Examen d'État, mtihani wa serikali uliopo tangu 1967. Shule husifiwa au kulaumiwa kwa idadi ya waliofaulu, na mtoto anayeelekea kuanguka huonekana mzigo.

Nchi zenye huduma nyingi zimeonyesha shinikizo hilo linavyofanya kazi. Huko Chicago, Marekani, shule zilipoanza kuwajibishwa kwa alama katika miaka ya 1990, mtafiti Brian Jacob aliona wanafunzi wengi zaidi wakihamishiwa elimu maalumu. Texas ilikosea kwa upande wa pili: mwaka 2004 mamlaka ya elimu ya jimbo hilo iliweka kipimo cha asilimia 8.5 ya wanafunzi kuwa katika elimu maalumu, na watoto waliostahili msaada wakaukosa hadi gazeti la Houston Chronicle lilipolifichua jambo hilo mwaka 2016.

Vijijini mwa Ruzizi hakuna mlango wa karibu wa kumpitisha mtoto kwenda elimu maalumu. Shule za watoto wenye ulemavu nchini ni chache, nyingi ziko mijini mikononi mwa makanisa. Basi anayehofiwa kuangusha shule hurudia mwaka, au huacha kuja. Hapo ndipo dhuluma ilipo: haandikwi popote kuwa ana ulemavu, anaandikwa kuwa hajui.

Tena mtihani wenyewe hauwezi kutofautisha. Nyumbani mtoto anasema Kifuliiru na Kiswahili, karatasi inamuuliza kwa Kifaransa. Akikosea, kosa linaweza kuwa la lugha, la macho, la masikio au la akili, na alama ni ile ile. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo huacha watoto wengine bila kusikia vizuri, na malaria ni ugonjwa wa kila siku uwandani. Asiyesikia hunakili kwa jirani yake vizuri kabisa, mpaka siku ya imla anapobaki ameshika kalamu.

Sheria haikosekani. Elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa mwaka 2019, na Sheria ya Organiki namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini elimu ya bure ilijaza madarasa, na katika darasa lililojaa mtoto mkimya hasumbui mtu.

Kugundua mapema tatizo la kusikia au kuona hakuhitaji mashine. Mwalimu wa darasa la kwanza husimama nyuma ya mtoto, akamwita kwa sauti ndogo. Kisha humpa herufi za kusoma akiwa mita 6, jicho moja limefunikwa. Anayeshindwa hupelekwa kituo cha afya, naye huhamishiwa benchi la mbele siku hiyo hiyo.