Bagamoyo: Jina Moja, Mioyo Miwili

Kutua mzigo na kubwaga mzigo si jambo moja. Anayetua huushusha taratibu, kama mama anavyotua ndoo ya maji asiimwage. Anayebwaga huuangusha chini, ama kwa kuwa amefika na hana haja nao tena, ama kwa kuwa nguvu zimemwishia. Ni katika neno hili, kubwaga, ndimo wengi wanamoona asili ya jina Bagamoyo: bwaga moyo. Nalo jina hilo, kama neno lenyewe, lina pande mbili.

Wengi wetu tulifundishwa upande wa kwanza tukiwa watoto. Tuliambiwa kwamba mtumwa aliyetolewa bara, akiisha kuiona bahari, alijua kuwa hatarudi tena kwao. Basi akaubwaga moyo wake pale ufukweni: mwili uende Unguja, moyo ubaki katika nchi ya mama yake. Hiki ni kilio.

Upande wa pili ni wa wapagazi, nao unatuhusu sana sisi watu wa Segese. Katika karne ya 19 watu wa pwani waliwaita Wanyamwezi watu wengi waliotoka huku kwetu, hata Wasukuma. Wapagazi hawa waliajiriwa kwa ujira. Walibeba pembe za ndovu mabegani mwendo wa miezi miwili au mitatu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kijana aliyekwisha kufika pwani alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Kwao Bagamoyo ulikuwa mji wa kubwaga mzigo, kupumzika na kufurahi, hata walikuwa na wimbo wa kuusifu njiani. Hii ni shangwe.

Je, ipi ni kweli? Wanahistoria wengi huegemea upande wa wapagazi. Wanaonyesha kwamba bandari kuu ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa, na kwamba Bagamoyo ulistawi hasa kwa pembe na misafara. Lakini watumwa nao walipita Bagamoyo. Tena barabara ilikuwa ileile moja: aliyeimba na aliyelia walikanyaga vumbi moja. Wala tusijifiche. Huku bara wako waliouzwa, na wako watu wetu waliouza.

Maandiko Matakatifu yanatusaidia hapa. Katika Mwanzo sura ya 21, Ibrahimu anampa Abimeleki kondoo saba, wanaapiana, na mahali pale panaitwa Beer-sheba. Katika sura ya 26, watumishi wa Isaka wanachimba kisima, wanapata maji, na jina la mji ule linaelezwa upya. Biblia haikufuta habari moja ili kuilinda nyingine. Baba alikuwa na kisima chake na kiapo chake, mwana naye alikuwa na vyake, na Mungu alikuwapo katika vyote viwili.

Bagamoyo nao ulipata maana nyingine tena. Mwaka 1868 wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni pale, wakawapa makao watumwa waliokombolewa kwa fedha. Kwa hao waliokombolewa, kubwaga moyo hakukuwa tena kukata tamaa. Mwezi wa Februari 1874, Chuma na Susi na wenzao waliufikisha mji huo mwili wa David Livingstone, adui mkubwa wa biashara ya watumwa, baada ya kuubeba miezi mingi toka kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Mzigo huo waliutua kwa heshima.

Kwa nini tunayakumbuka haya leo? Kwa sababu barabara ya mizigo bado inapita hapa kwetu. Vijana wanakwenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Bulyanhulu na Geita. Mmoja anarudi na fedha za kununua ng'ombe, mwingine anarudi na deni na kifua kinachouma. Tukisimulia habari ya yule wa kwanza tu, tutakuwa tumemzika wa pili angali hai. Tukisimulia ya wa pili tu, tutakuwa tumedharau jasho la wa kwanza.

Kanisa limeitwa kuwasikiliza wote wawili. Bwana wetu aliwaita waliolemewa waje kwake wapumzike, wala hakuuliza kwanza mzigo huo waliuchukua kwa hiari au kwa kulazimishwa. Basi Jumapili, kijana aliyetoka machimboni anapokaa kwenye benchi la nyuma, tusiishie kumwuliza amepata nini. Tumwulize amebeba nini, kisha tumpishe nafasi ya kuubwaga.