Dawa Yenye Jina Lisilo Lake

Lugha yetu ina ukarimu ambao mara nyingine hutuponza. Kidonge cha malaria tunakiita dawa, na kile anachopuliza mkulima kwenye mibuni au pamba nacho tunakiita dawa. Mtoto anayekua akisikia neno moja kwa vitu hivyo viwili, atajuaje kwamba kimoja huponya na kingine huua? Kila nikilifikiri jambo hili, narudi katika historia ya kundi moja la dawa hizo, lile litokanalo na fosforasi.

Desemba 1936, mkemia wa Kijerumani aitwaye Gerhard Schrader alikuwa Leverkusen akitafuta sumu mpya ya kuulia wadudu waharibifu wa mazao. Aliipata. Lakini mwezi uliofuata yeye na msaidizi wake walisinyaa mboni za macho, wakaona ukungu, na pumzi zikawa za shida. Kitu kile kikaitwa tabuni, na jeshi la Ujerumani likakichukua kiwe silaha. Mwaka 1938 ikafuata sarini. Mwaka 1944 Schrader huyohuyo akatengeneza parathioni, ambayo baada ya vita iliuzwa kwa wakulima. Naam, gesi ya vita na dawa ya shambani ni watoto wa tumbo moja.

Siri yao ni hii. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ufanye kazi, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Kazi ikiisha, kimeng'enya maalumu huifuta kemikali hiyo ili msuli upumzike. Sumu hukikamata kimeng'enya hicho, na amri ikabaki inapigwa bila kukoma. Mate, machozi na jasho hutoka ovyo, tumbo husokota, misuli hutetemeka kisha hulegea, kifua hujaa majimaji, hatimaye pumzi hukatika. Mdudu huvurugwa hivyo mishipa yake, na mtu vivyo hivyo. Atropini ikipatikana mapema huokoa wengi. Wala si lazima mtu anywe: sumu hupenya ngozini.

Marekani ilipoipiga marufuku DDT mwaka 1972, wengi walishangilia, na si bure, kwani DDT hukaa miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya mwili. Lakini sehemu ya nafasi yake mashambani ilichukuliwa na hizi za fosforasi, ambazo huoza upesi zaidi, ila humpiga papo hapo anayezishika. Mlaji alipunguziwa mzigo, akatwishwa mpiga dawa.

Yaliyotokea Pakistan mwaka 1976 ni ushahidi. Wapiga dawa wapatao 7,500 walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwaokoa wenzao na malaria, wakitumia malathioni, iliyohesabiwa kuwa miongoni mwa zile za upole. Walifanya kazi kwa mazoea ya siku za DDT, dawa ikiwalowesha nguo na ngozi. Kumbe ndani yake mlikuwa na uchafu uitwao isomalathioni, uliouzidisha ukali wake. Watu wapatao 2,800 waliugua, na 5 wakafariki. Na huko Bihar, India, Julai 2013, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule. Mafuta ya kupikia yalikutwa na monokrotofosi, ya ukoo uleule.

Msomaji wangu, usidhani Bihar ni mbali. Nimeona kwetu kopo la dawa likisuuzwa mara mbili kisha likatiwa maziwa. Nimeona bomba likivuja mgongoni mwa kijana aliyevaa fulana na kandambili, naye akifuta jasho kwa mkono uleule. Simcheki. Maandishi ya kopo yako katika lugha asiyoijua, glavu zina bei, na aliyemuuzia alimwambia ni dawa.

Mwenye kuuza na mwenye kusimamia wanadaiwa mengi: maandishi yanayosomeka, mavazi ya kujikinga, na kuziondoa sokoni zile kali kuliko zote. Tuwadai bila kuchoka. Lakini liko moja lisilohitaji fedha wala kibali cha mtu. Tuiite sumu. Jina halizuii kitu kupenya ngozini, hilo najua. Lakini hakuna mama atakayetia maziwa ya mwanawe katika kopo la sumu.