Biberoni ya mutoto na ya ndama

Rubaya inajulikana kwa koltani, lakini milima yake ni ya ng'ombe. Mara nyingi maziwa yako karibu kuliko maji safi, na hapo ndipo shida inaanza: mama anaenda ku chimbo, bibi anabaki na mutoto, anajaza biberoni maziwa ya ng'ombe.

Mbele ya mwaka 1, maziwa hayo ni mazito kwa figo za mutoto, tena yana chuma kidogo. OMS inashauri titi tupu mpaka miezi 6. Mama mwenye kutoka anaweza kukamua maziwa yake ndani ya chombo safi chenye kifuniko. Pasipo joto kali yanakaa saa 4. Bibi amunyweshe na kikombe, hata mutoto wa siku chache anaweza. Chuchu ya biberoni inaficha uchafu, kikombe kinaoshwa vizuri. Kama mama hayuko tena, kituo cha afya kielekeze.

Ndama yatima ni mambo ingine: kwake biberoni inafaa. Apate maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, saa 6 zisipite. Kisha, mwenye kilo 30 anakunywa karibu litre 3 kwa siku, akisimama, maziwa yasiingie mapafuni. Na chupa yake isirudi ku mutoto, hata ikichemshwa.